Chemchemi ya Nane

Nyumbani, 4 Agosti

Wifi yangu,

Salamu za nyumba nzima zikufikie, kuanzia baba hadi yule kuku wa jirani aliyehamia jikoni kwetu bila kuomba. Sisi wazima. Kaka yako yuko njiani na lori lake tangu Jumatatu. Akirudi nitamwambia umemsalimia, hata kama hujamsalimia. Baba anakula na kulala vizuri. Macho ndiyo yanazidi kufifia, na siku zinamchanganya, Jumanne anaiita Ijumaa, lakini ulimi wake ni ule ule. Simu hataki, anasema ni kelele za mtu asiyeonekana. Anataka barua, mimi nimsomee, naye atikise kichwa kama hakimu.

Sasa sikia. Kamati ya maji imeundwa na mimi nimechaguliwa kuwa mpima maji. Usicheke. Tulianza kwa kuchora mlima mzima kwa majivu kwenye uwanja wa shule. Wanawake wanaoteka ndio walioshika majivu, maana ndio wanaojua. Wanaume walisimama pembeni wakitusahihisha, nasi tukawasahihisha wao. Kisha tukapanda kupima kwa ile simu mliyotuletea kutoka ofisini kwenu. Unakinga ndoo ya lita ishirini, unahesabu sekunde mpaka ijae, unarudia mara tatu. Simu inashika mahali ulipo. Unajaza fomu, shahidi anaweka alama yake, halafu unapaka namba nyekundu kwenye jiwe. Siku sita nimepanda na kushuka mpaka magoti yananisema.

Mwenyekiti wetu, yule fundi seremala, alitangaza mkutanoni kwamba ramani itachorwa mjini na binti yetu mwenyewe. Watu wakakupigia makofi wewe, na hukuwepo. Mimi nilikuwepo, nimeshika ndoo. Haya, si neno.

Fomu nane zimo humu. Zitunze, kwa sababu huku hakuna mashine ya kutoa nakala, na simu dereva wenu ameshaipeleka kijiji kingine. Mwenyekiti anasema chemchemi isiyo na fomu ya kiangazi haihesabiwi.

Wifi yako


Mjini, 17 Agosti

Wifi,

Bahasha imefika, asante. Mimi mzima. Nimehamia chumba cha ghorofa ya tatu ambako maji yanapanda Jumanne na Jumamosi tu, basi mchora ramani za maji anaoga kwa kikombe siku tano za wiki. Nichekeni na baba. Ofisini tuko watano chumba kimoja, na meza yangu iko chini ya dirisha lisilofunga. Fomu zako nimezilalia na kiwiko zisipeperuke.

Ya kwanza hadi ya saba nimezichora kwa siku moja, karibu bila kuangalia vipimo vyako. Hizo nazijua. Kila Jumamosi nilimfuata baba akizisafisha, yeye na jembe, mimi na kikapu cha kuzolea majani. "Ziko saba, mwanangu, zihesabu," ananiambia, nami nazihesabu mpaka usingizi unanichukua. Hakumchukua kaka. Alinichukua mimi. Nakwambia tu, ujue.

Sasa hii ya nane umeitoa wapi? Nyuma ya mwamba mweupe, chini ya shule, ndoo kwa sekunde kumi na nne. Mimi nimezaliwa hapo, mama! Nyuma ya mwamba ule kuna magugu na nyoka. Nani alikuonyesha? Na shahidi umemweka baba, dole gumba lake limelala hapo karibu na sahihi yako kama picha ya harusi. Umeolewa kwetu miaka tisa, tayari una chemchemi ambayo mimi sina. Nacheka, lakini sicheki.

Na jingine. Naona siku hizi unaandika "baba" kila mstari. Zamani ulikuwa unaandika "baba mkwe."

Ukurasa huu wa pili usimsomee.

Wifi yako


Nyumbani, 2 Septemba

Wifi yangu,

Huku salama. Kaka yako alirudi, akalala siku mbili, akaondoka tena. Baba alikohoa wiki iliyopita nikamhamishia karibu na jiko, sasa ana nafuu. Ukurasa wa kwanza nilimsomea, akakucheka sana kwa habari ya kikombe. Wa pili nimeukunja, nimeuweka ninapojua mimi.

Umeuliza nani alinionyesha. Ni baba. Mwaka juzi, kile kiangazi kilichokausha mpaka bomba la zahanati, alinishika mkono tukapanda hadi nyuma ya mwamba mweupe. Akaondoa mawe matatu na majani, maji yakawa yapo, baridi mpaka meno yanauma. Halafu akanionyesha jambo kubwa zaidi. Alimwaga majivu kwenye yale maji asubuhi, tukashuka tukakaa pembeni ya kisima cha chini, na kabla ya adhuhuri majivu yakatokea kisimani. Unaelewa, wifi? Kisima tunachoteka nyumba arobaini kinapata maji yake pale. Ukichafua pale, umetuchafulia sote. Aliyeona majivu yale ni yeye na mimi tu. Zaidi ya hayo sina la kukuambia, na usiniulize.

Kuhusu "baba mkwe": anayemkata kucha na kumtafutia miwani chini ya kitanda anachoka kutaja jina refu. Wewe ulipokuja mara ya mwisho ulikaa siku mbili, ukashinda uani, ukasema barabara ina vumbi. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu umenianza.

Ya nane ichore na duara lake la hatua sitini, pasichimbwe wala pasifuliwe nguo.

Wifi yako


Mjini, 11 Oktoba

Wifi,

Nisamehe kukawia, kazi zimenikaba koo. Afya njema. Mwambie kaka lori lake nililiona kwenye taa za barabarani, nikapunga mkono kama mwendawazimu, hakuniona.

Ramani hiyo, nakala mbili, kwenye mrija wa plastiki. Usizikunje. Bosi ameisifu mbele ya wote na nakala ya tatu ameibandika ukutani. Kila chemchemi ina duara la bluu. Mpitishie baba kidole juu ya kila moja, umwambie binti yake amezichora zote saba kama alivyomfundisha.

Ya nane haikupita. Kuna taratibu zake, na fomu hupita mikono mingi humu ofisini, sijui ilikwama kwa nani. Usilichukulie moyoni. Mwakani watapima tena.

Umenichekesha na ile habari ya majivu. Baba alikuwa na michezo yake.

Wifi yako


Nyumbani, 20 Novemba

Wifi,

Sisi wazima. Mvua imeanza. Baba anakusalimu.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa vyoo vya shule. Mashimo sita, marefu kuliko mtu. Mwenyekiti akatandaza ramani yako mezani, akaweka misumari pembe nne, akasema vyoo viende popote pasipo na duara. Wakachagua pale juu ya mwamba mweupe, kwa sababu udongo ni laini na ramani ni nyeupe. Nikasimama. Nikasema chini yake kuna chemchemi, ni ya nane, inalisha kisima. Mwenyekiti akaniuliza, iko wapi kwenye ramani? Nikasema haipo. Akasema, "Shemeji, ramani hii amechora wifi yako, amezaliwa hapa. Au naye haujui mlima?" Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema siku hizi mke wa dereva anazaa chemchemi.

Niliwapeleka wakaone. Namba yangu nyekundu ipo kwenye jiwe, wakasema rangi hata mlevi anaweza kupaka. Maji yanatoka, wakasema msimu wa mvua kila jiwe linatoka jasho, leta fomu ya kiangazi. Wakaja nyumbani kumwuliza baba. Baba akakaa wima, akajibu bila kupepesa: "Saba. Ziko saba tu." Walipoondoka akanifinya mkono, akatabasamu.

Nilikwenda kulia chooni, wifi. Sikumbuki mara ya mwisho kulia.

Kuchimba ni tarehe kumi na mbili Januari, kabla shule haijafunguliwa. Fomu ile ulikuwa nayo wewe. Uliniandikia mwenyewe kwamba umeliona dole la baba. Itafute.


Mjini, 3 Desemba

Wifi,

Umewasili ujumbe wako, na ukali wako nimeuonja.

Wamemwuliza baba, na baba amesema saba. Sasa unataka nimfanye baba mwongo mbele ya kijiji? Kama ingekuwepo ningeijua. Angenionyesha mimi. Wewe ulikuja kwetu na sanduku moja na mto wa kulalia, ukapewa chumba changu, ukapewa jiko la mama, ukapewa hata baba mwenyewe umwogeshe na umsomee barua zangu, tena usome unachotaka na ukunje usichotaka. Bado hujashiba? Mlima nao uwe wako?

Fomu sijaiona.


Mjini, 6 Januari

Wifi yangu,

Mwezi mzima hujanijibu. Kila mfanyakazi wa basi aliyepita nilimwuliza bahasha, mpaka wananikimbia.

Jana kaka alinipitia ofisini. Hakujua lolote, hujamwambia, na hilo nalo limeniumiza. Aliniambia tu, kama mtu anayesimulia kichekesho, kwamba siku hizi unachemsha maji ya kisima mara mbili, na ukiulizwa unasema unajizoeza. Yeye akacheka. Mimi nikaenda kusimama kwenye korido.

Fomu ninayo. Imekuwa kwenye droo yangu tangu Agosti. Haikupita mikono mingi, haikupita mkono wowote zaidi ya huu wangu. Siku ile ile niliyoandika barua ya kwanza nilishaifuta ya nane kwenye orodha, kabla hata hujanijibu. Vipimo vyako vilikuwa safi, mara tatu, sekunde kumi na nne, kumi na nne, kumi na tano. Nimekagua fomu za watu waliosoma zisizofikia hiyo. Niliifuta kwa wivu, wifi. Hakuna jina jingine. Nilitazama dole la baba karibu na jina lako, roho ikaniuma kana kwamba nimekuta mtu amelala kitandani kwangu. Mara tatu nilitaka kuichana, nikashindwa kwa sababu ya dole hilo hilo.

Asubuhi hii nilimpelekea bosi, nikamweleza kila kitu. Hakufoka. Alibandua ile ramani ukutani, akaniambia nichore upya mbele yake, akagonga mhuri. Kisha akanihamishia chumba cha majalada. Ramani sitazichora tena, angalau mwaka huu. Sitaki unihurumie, nakwambia ili usisikie kwa watu.

Kaka anaondoka sasa hivi. Amebeba ramani mpya yenye maduara manane, fomu yenyewe, na barua ya kamati niliyoandika kwa mkono wangu. Ndani yake nimesema nani aliificha na kwa nini. Mwambie mwenyekiti aisome kwa sauti, pale pale walipokucheka.

Hii yako msomee baba yote, ukitaka.


Nyumbani, 25 Januari

Wifi yangu,

Baba mzima, anaota jua mlangoni. Kaka yako lori lilimharibikia njiani, akafika tarehe kumi na nne. Mashimo mawili yalikuwa yameshafika kifuani mwa wachimbaji. Nilipanda na ramani mkononi nikaruka ndani ya shimo moja na gauni langu la kanisani, nikawaambia wachimbe wakinizunguka. Basi mwenyekiti akaitwa.

Mashimo yamefukiwa kwa udongo ule ule, tukashindilia kwa miguu, wanawake wote tunaoteka kisimani. Vyoo vinachimbwa upande wa pili wa uwanja. Kamati imeweka zamu ya kusafisha chemchemi zote nane, na hii ya nane wamenikabidhi mimi. Barua yako ilisomwa. Mwenyekiti alisoma polepole, mara mbili akasimama kufuta miwani. Aliyesema nazaa chemchemi alikuja kunishika mkono. Halafu wakanipigia makofi.

Nilikuwa nimeyangoja makofi hayo, wifi, usidhani wivu ni wako peke yako. Nimekuwa na wivu nawe tangu siku niliyoingia nyumba hii. Yalipopigwa sikupata raha, kwa sababu kuna jambo nimekuficha. Nilikwambia usiniulize, na ukawa hukuniuliza. Sasa nalisema.

Siku ile ya kiangazi baba alipoamka alikuwa amechanganyikiwa, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Aliniita kwa jina lako. Ningeweza kumwambia, "Mimi ni mke wa mwanao." Nilisema, "Abee, baba." Nilitaka kuona anavyokutazama wewe. Akanishika mkono, njia nzima akiniuliza habari za masomo. Tulipofika nyuma ya mwamba akaondoa mawe, akasema, "Hii nilikuwekea. Ilibubujika mwaka ulipokwenda bweni, baada ya mlima kuporomoka. Kila likizo nakungoja nikuonyeshe, nawe hutaki tena kupanda. Leo umekubali." Akasema nisimwambie mtu, ni yangu na ya siku mbaya. Ndiyo maana aliwajibu ziko saba. Alikuwa anakutunzia.

Na fomu hiyo hiyo iliyokuuma. Nilipompelekea wino aliuliza, "Ni ya shule?" Nikasema ndiyo. Akaweka dole bila kuuliza tena.

Miaka tisa namwogesha. Siku aliyotoa kitu chake cha siri, alimpa mtu ambaye hakuwepo, nami nikakipokea kwa mkono wako. Nilijua ni chako tangu mwanzo. Ulipoandika kwamba unanionea wivu, nilikaa na barua ile mapajani nikafurahi, Mungu anisamehe, maana kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu ulichodhani nimekushinda. Sikutaka kukirudisha.

Barua yako sijamsomea. Ilinishinda.

Wifi yako


Mjini, 5 Februari

Wifi yangu,

Barua yako niliisomea ngazini, ghorofa ya pili, na sikupanda tena. Nilikaa pale mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza ufunguo.

Likizo zile nazikumbuka. Nilikuwa nasema nimechoka. Nilikuwa nimejifunza kuona haya kupita barabarani nyuma ya mzee mwenye jembe, mabinti wenzangu wasinione. Yeye akawa anauliza asubuhi mara moja tu, "Leo tutapanda?" kisha anaondoka peke yake. Sikuwahi kumwambia mtu hili. Na miaka yote hii nimekuchukia wewe kwa sababu ulikuwepo.

Usiniambie umeninyang'anya. Ungemwambia siku ile kwamba wewe si mimi, angerudisha mawe yake akashuka, na leo watoto wa nyumba arobaini wangekuwa wanakunywa maji ya vyoo.

Nimeomba likizo ya mwezi mzima. Kwenye majalada hakuna atakayenikosa. Nafika Ijumaa kwa basi la asubuhi. Chumba changu usikihame kwa ajili yangu, nitalala na baba pale karibu na jiko. Jumamosi unipandishe wewe nyuma ya mwamba, unionyeshe jinsi anavyopanga yale mawe matatu, nami nitasafisha unavyoniambia.

Na jambo moja, nakuomba kama mdogo wako. Tukiwa sote wawili chumbani, baba akaniita kwa jina langu huku ameelekeza uso kwako, usinitazame mimi. Itika wewe.